Siku Niliyouombea Mpapai

Chini ya mpapai siku ile tulikuwa watu watano. Alikuwapo baba, yaani mwenye nyumba, kafili, yaani mdhamini wa kazi, wetu sote wawili tuliotoka Kenya, na mkononi ameshika shoka. Alikuwapo madam, mkewe, amesimama mlangoni pa jikoni kwa sababu hakutaka kuusogelea mti. Alikuwapo Hajja, mama mzazi wa baba, kwenye kiti chake cha magurudumu, na yeye ndiye aliyetuita. Alikuwapo dereva, mwanamume wa bara, Mkristo, aliyekwisha kuliendesha gari la nyumba ile karibu miaka miwili, na begi lake lilikuwa miguuni pake. Na mimi, niliyeajiriwa kufagia na kupika nikaishia kumlisha Hajja kwa kijiko.

Majina yao ninayo yote. Ninayo na ya watoto wao, na la paka aliyelala chini ya gari. Sitayaandika. Baba ana wajukuu sasa, na dereva ana watu wake, na jina la mtu si kitu cha kuchukua bila kuomba.

Nilipokwenda Uarabuni nilikuwa bibi tayari. Ajenti aliipunguza miaka yangu kwenye karatasi, akaniambia nisitabasamu kwenye picha ili pengo la meno lisionekane. Wengi walikwenda miaka ile, wa pwani na wa bara, kila mtaa ulikuwa na wa kwake. Mamangu mzazi alikuwa hai, miguu imeanza kumkataa. Aliponiaga aliikata jozi ya leso, kipande kimoja akanipa, kimoja akabaki nacho. Leso ile ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, na jina lake lilikuwa SUBIRA YANGU SI UJINGA. Kwenye pembe moja alinifungia fundo la mbegu za mpapai wake wa nyuma ya jiko. Akaniambia, "Ukipata kiudongo, panda. Wakila wajue umetoka kwa watu."

Nilifikia Riyadh kwanza. Huko baba alikuwa na mabohari yake Al-Sulay, na nje ya mji alikuwa na kiwanja cha mitende ambako tulipelekwa kila Ijumaa kupika. Hapo ndipo nilipoona mtende ukiozwa. Baba mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, hupanda ngazi akachukua vishada vya maua ya mtende dume, akavifunga ndani ya kichala cha jike kwa kamba, kama unavyomvisha bi harusi maua. Alikuwa mtu mwingine juu ya ngazi. Hakuna siku aliyonisemesha kwa furaha ila huko. "Dume moja," aliniambia, "linatosha majike hamsini. Bila dume, mafi, hakuna tende." Mimi niliitikia tu. Nayataja haya kwa sababu yalikuja kutuponza.

Kisha Hajja akaugua, naye alikuwa akiishi Jeddah, Al-Nuzha, nyumba yote ikahamia kwake. Dereva akatolewa bohari ya Al-Sulay akaja nasi, na kwake ilikuwa kama ametolewa kaburini. Aliniita shosh, yaani nyanya kwa lugha ya vijana wa bara, akisema, "Shosh, huko Al-Sulay nilikuwa nabeba maboksi mpaka nasahau jina. Hapa angalau nakaa na kiyoyozi." Alikuwa mcheshi. Alipokuwa na nafasi alikaa kwenye ngazi ya jikoni akamenya vitunguu pamoja nami, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi hata ukiwalipa.

Ugonjwa wa Hajja ulikuwa wa tumbo. Halifunguki. Dawa alizitapika. Siku moja muuzaji wa matunda alileta papai lililotoka Jizan, nikamkatia, akala, na asubuhi yake akapata choo, akalia kwa raha. Tangu siku ile akawa hataki kingine. Lakini mapapai yale yalikuja leo yakapotea mwezi, na yaliyokuja yalikuwa yamechunwa mabichi, hayana ladha. Hajja akasema, "Nyumba yangu ya Al-Baghdadiyah ilikuwa na mti uani. Hapa kuna vigae tu. Nataka mti."

Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Mimi ninazo mbegu za papai za mamangu."

Wakati huo miaka yangu miwili ya mkataba ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nikimwomba baba ruhusa ya kwenda nyumbani, na pale mtu haondoki bila sahihi ya kafili. Kila nikiomba aliniambia baada ya Ramadhani, baada ya Hija, Hajja akipata nafuu. Na kila Jumapili binti yangu alinipigia simu akaniambia, "Nyanya yupo. Leo kakuulizia. Leo hakuniuliza mimi ni nani." Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, nimkute mamangu bado ananijua.

Baba alipoona zile mbegu kiganjani mwangu alifurahi kama juu ya ngazi ya mitende. Akasema mbele ya mamake, "Mama akila papai la mti huu, natia sahihi, unakwenda nyumbani. Halas." Hajja akasema, "Nimesikia." Basi likawa neno.

Nilizisugua mbegu kwa jivu kama nilivyofunzwa, nikazianika uvulini siku tatu, nikazipanda kwenye makopo ya maziwa. Zilizoota ni saba, zilizoishi ni tatu. Palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo kando ya tangi la maji, wala hakizidi mikeka miwili. Dereva alileta gunia la mbolea ya ngamia, gari likanuka wiki nzima na madam akamnunia. Tukaipanda yote mitatu, na baba akajileta kila alasiri kuitazama, mkono nyuma, kama anakagua kazi.

Miti ilikwenda haraka. Kabla mwaka haujageuka ilinipita kimo, ikatoa maua. Miwili ilishusha vijiti virefu vyenye vijiua vingi kama shanga. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hiyo ni midume. Wa tatu maua yake yalikaa karibu na shina, manene. Nikachukua kisu kikubwa, nikaikata ile midume miwili. Mamangu alifanya hivyo maisha yake yote. Dume linakunywa maji ya bure.

Baba aliporudi aliyainamia yale mashina mawili, akayagusa. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira, "Umelikata dume? Na sasa huyu ataolewa na nani?"

Nikamwambia mpapai wa mbegu hizi si kama mtende, una vyote viwili ndani ya ua moja, unajitosheleza. Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mti unajioa wenyewe," akasema. "Astaghfirullah."

Lakini mpapai ukashika vitunda, kumi na kitu, kila kimoja kama kidole gumba. Nilivihesabu kila asubuhi. Nilimwambia binti yangu kwenye simu, "Mwambie nyanya yako mti wake umeshika mimba Jeddah." Akanirudishia jibu la mamangu: "Aufunge mbeleko."

Likaja joto. Wewe uliyekuwa Jeddah unalijua, na ambaye hukuwa sina la kukufananishia. Maji ya bomba yalichoma, vigae vilichoma kupitia kandambili. Vitunda vikaanza kunyauka na kudondoka, kimoja, viwili, kisha vyote. Sikushtuka sana, maana matunda hudondoka. Nilichoshtukia ni maua mapya. Yalitoka membamba, nikapasua moja kwa ukucha, ndani hamna kitu. Hamna kile kijumba cha tunda. Likafuata jingine, na jingine, na vijiti vyake vikaanza kurefuka. Mti uliokuwa umeshika mimba mbele ya macho yangu ulikuwa umegeuka dume.

Nilikuwa nimepanda mipapai tangu utoto na sikuwahi kuona hilo. Kwetu mti uliokwisha kushika mimba haugeuki dume. Nilikaa juu ya ndoo nikaona sahihi ya baba inadondoka pamoja na vile vitunda.

Baba alikuwa na dawa yake. Alikuwa na unga wa mtende dume aliouhifadhi kwenye chupa ndani ya friji, tangu msimu wa Riyadh. Alikuja na brashi ya rangi, akapanda ngazi iliyoshikwa na dereva, akaupaka mpapai unga wa mtende, ua kwa ua, kwa makini, akisema bismillahi. Mimi na dereva tulitazama chini. Alipoondoka dereva akaniambia, "Shosh, hiyo ni kama kuoza kuku kwa ng'ombe."

"Nyamaza, atasikia."

"Si nimenyamaza miaka miwili. Sasa hii mti imekataa kazi, utafanya aje?"

Nikamwambia kwetu mpapai dume huvishwa leso. Unaufunga leso ya mwanamke kiunoni, unautukana kidogo, unaona haya, unazaa. Alicheka mpaka akaweka kisu cha vitunguu chini.

"Nyinyi watu wa pwani mnabembeleza mti. Kwetu inapigwa msumari. Msumari kubwa, yenye kutu, hapa chini. Inaogopa kufa, inazaa."

"Mti huogopa?"

"Kila kitu inaogopa msumari, shosh. Hata bosi."

Nikamwambia aniletee msumari. Hilo neno nililisema mimi. Aliuleta kesho yake alipompeleka madam sokoni. Aliununua Al-Baghdadiyah kwa mzee mmoja anayeuza vyuma vya zamani, mrefu kama kiganja, umekula kutu. Akaniletea umefungwa kwenye karatasi ya mkate. Akataka aupige yeye, nikamkataza. Nikamwambia mti wa mamangu nitaupiga mwenyewe. Alishika shina lisitikisike, mimi nikapiga kwa mchi wa kinu. Mara nne. Ukatoka utomvu mweupe ukanichuruzika mkononi. Kisha nikautoa kipande changu cha leso, nikaufunga mti kiunoni, fundo mbele, nikaupiga kofi nikauambia maneno ya kikubwa ambayo hapa sitayarudia. Dereva alisema, "Sasa imeolewa kwa nguvu." Tulicheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu niondoke kwetu.

Hatukufikiria jinsi kitakavyoonekana kwa mwenye nyumba. Kwetu kitu kile ni cha uani, hata imamu wa mtaa wangu angepita akauliza kama umeanza kuzaa.

Madam hakuwa na mazoea ya kufika kwenye tangi. Siku ile maji yalikatika akatoka kuangalia. Akaona mti umefungwa nguo nyekundu yenye maandishi asiyoyajua, fundo mbele, na chini yake msumari wa kutu uliozama ndani na utomvu umekauka kama usaha. Na mama mkwe wake ndani haendi haja. Akayaunganisha. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akaingia ndani akafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, sisi wawili tukiwa nje.

Neno lenyewe nililisikia kupitia mlango, akimwambia baba kwenye simu. Sihiri. Uchawi. Yeyote aliyefanya kazi kule anajua neno hilo linampeleka wapi mtumishi, jela au kwenye upanga. Halina wakili.

Baba alifika amekunja uso. Akaing'oa leso kwenye mti, akainyoosha mbele ya dereva. "Imeandikwa nini hapa?"

"Ni nguo tu, bosi. Ya wanawake. Kila nguo ina maneno."

"Nimekuuliza maneno gani."

"Inasema, subira yangu si ujinga."

Madam akauliza kutoka dirishani, "Subira ya nani? Anamsubiri nani afe?"

Unaweza kumweleza nini mtu ambaye hajawahi kuona leso, kwamba yale ni maneno ya dukani, wanawake elfu wamejifunga hayo hayo? Madam akatuma leso iletwe, ikatiwa kwenye pipa la kuchomea takataka. Niliiona ikishika moto kwenye pembe ile iliyokuwa na fundo la mbegu.

Kisha baba akaugusa msumari. "Na huu. Nani kaupiga?"

Hapa niseme pole pole. Mimi ndiye niliyeupiga. Mchi ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu, alama ya utomvu ilikuwa bado kwenye kifundo changu cha mkono. Na mimi nilikuwa nafikiria jambo moja: nikisema mimi, sitamwona mamangu tena. Hata wasiponipeleka polisi, ile sahihi imekufa. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Dereva akasema, "Mimi, bosi."

Baba akamuuliza kwa nini. Akasema kwao ni dawa ya mti, si ya mtu, hata aulize Mkenya yeyote. Akasema leso aliichukua kwenye kamba ya nguo bila mimi kujua. Alisema bila kunitazama, sauti yake ya kila siku, kama anaeleza barabara gani ina foleni. Alikuwa amebakiza miezi minne amalize mkataba wake wa miaka mitatu. Alikuwa na mchumba aliyekuwa akimsubiri, na kila nikimenya naye vitunguu alinionyesha ile picha moja.

Baba akasema kwa kuwa dereva si Mwislamu na hajui uzito wa jambo lile, hatamwita polisi, atamrudisha Al-Sulay, kwenye maboksi, na pasipoti yake itakaa kabatini mpaka yeye baba atakapoona moyo wake umetulia. Leseni ya gari aiweke mezani. Dereva akaenda kufunga begi. Halikuchukua muda, alikuwa na nguo chache.

Ndipo Hajja alipoletwa nje. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka kitandani, akaamuru asukumwe mpaka kwenye mti. Mgonjwa yule, mwepesi kama kapu tupu, alinyoosha mkono akaugusa msumari, akagusa shina, akacheka. Meno yake yalikuwa mawili.

"Nyinyi watoto hamjui kitu," akasema. "Mti usiozaa hutishwa. Babangu alikuwa na mtende mvivu. Alikuja na shoka, jirani akaja kuuombea. Mwaka uliofuata tulishindwa kubeba tende." Akamgeukia mwanawe. "Lete shoka."

"Mama, huu ni ujinga."

"Lete shoka. Na huyu ndiye atakayeuombea, kwa sababu mti ni wa mamake. Auombee kwa lugha yake. Mti haujui Kiarabu."

Baba alikuwa mtu mzima mwenye mabohari, lakini mbele ya mamake alikuwa kijana. Akaleta shoka. Dereva alikuwa ametoka na begi, gari la kumpeleka Riyadh lilikuwa halijafika, akasimama pale na sisi. Na hao ndio watu watano niliowataja mwanzo.

Baba akaliinua shoka, akasema anayopaswa kusema, sauti imejaa aibu: "Mti huu hauna faida. Naukata leo."

Hajja akanigusa kwa kiwiko. "Yalla. Ombea."

Nilidhani nitasema neno moja la kumridhisha. Lakini mdomo ulipofunguka yakatoka mengi. Nikasema, usiukate. Haukujileta, uliletwa. Umetolewa kwao mdogo, ukatiwa kwenye kopo, ukaambiwa uzae katika jua usilolijua. Una mama yake nyumbani, mzee, macho yanaishia, anauulizia kila Jumapili. Usiuhukumu kwa mwaka mmoja. Uvumilie, utazaa, na ukizaa uuache uende zake. Mimi ndiye mdhamini wake. Ukishindwa, nikate mimi.

Nililia. Baba hakuelewa hata neno, aliona mtumishi analilia mti. Madam mlangoni alikuwa akisoma aya kimoyomoyo. Hajja alifumba macho akaitikia amina. Mtu mmoja tu alinielewa pale, naye alikuwa amesimama na begi, akitazama chini.

Maana mimi niliuombea mti. Shoka lilikuwa limeinuliwa, mzee mwenye neno la mwisho katika nyumba ile alikuwa ameketi mbele yangu, na moyo wake umelainika, amekwisha kuitikia amina. Sentensi moja ya Kiarabu cha jikoni ningeiweza. Ningesema, Hajja, msumari niliupiga mimi, dereva hana kosa, abaki. Ningesikilizwa au la, angalau ingesemwa. Maneno ya kuuombea mti yalinitoka kama maji. Ya kumwombea mtu aliyeyabeba makosa yangu yalikwama.

Baba akashusha shoka. "Kwa ajili yako," akaniambia, kama ilivyo desturi, "nimeusamehe."

Nje gari likapiga honi. Dereva akaliinua begi lake akanipita. Akasema kwa sauti ya chini, "Umeombea vizuri, shosh." Sikuona kejeli usoni pake. Afadhali ningeiona.

Joto likaisha. Ilipoingia ile baridi yao kidogo, ambayo kwetu hatungeiita baridi, mpapai ukatoa maua manene karibu na shina. Nikapasua moja kwa ukucha, kijumba kimo ndani. Ukashika matunda tisa, marefu, mazito. Baba aliwaleta wageni kuyatazama. Alisema ni unga wa mtende. Hajja alisema ni shoka. Mimi kwa siri niliusingizia msumari na leso, nikajipa moyo kwamba basi kilichomrudisha yule mtu Al-Sulay hakikwenda bure.

Papai la kwanza likiwa linaanza kupiga manjano, binti yangu alipiga simu siku isiyo Jumapili. Kabla hajamaliza nilijua mamangu amekwenda. Alisema walimwosha, na kabla ya sanda walimfunika na kile kipande chake cha leso, kwa kuwa aliusia hivyo, na kipande kikazuiwa kisitupwe ili nije nikiunganishe na changu. Sikumwambia changu kiko wapi.

Siku ya nne nililichuna lile papai. Nililikata, nikalitoa mbegu, nikamlisha Hajja vijiko sita. Alikula kwa raha. Baba alikuwa amesimama pale. Nikasubiri. Akasema, "Masha Allah," akafuta mdomo wa mamake kwa kitambaa, akatoka.

Baada ya siku mbili nikamkumbusha neno lake. Hakukasirika. Alinishangaa. "Ukienda, nani atautunza mti? Na mama hali kwa mkono wa mtu mwingine. Wewe mwenyewe unaona. Na mamako, Mungu amrehemu, si amekwisha kwenda? Haraka ya nini tena?"

Hajja ndiye aliyebaki kunishika mkono siku ile. Alisema, "Nilisikia neno lake na nitamwambia." Alimwambia, wallahi, zaidi ya mara moja, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na mwana aliyemtii kwa jambo la shoka hakumtii kwa jambo la sahihi. Nilikaa mpaka Hajja alipokufa, na aliondoka tumbo lake likiwa jepesi. Baada ya mazishi madam aliukata mpapai. Safari hii hapakuwa na wa kuuombea. Wiki ileile nikatiwa sahihi.

Nilirudi bila mbegu. Mpapai wa nyuma ya jiko la mamangu ulikuwa umeangushwa na upepo, na pale pana choo cha jirani.

Nina mjukuu sasa anayesoma kilimo. Nilimsimulia habari ya mti uliogeuka, nikidhani nitamtisha. Hakutishika. Aliniambia, "Bibi, ni kawaida. Mpapai wenye ua la vyote viwili ukipigwa na joto kali, sehemu ya kike inakufa ndani ya ua, unakuwa dume. Hewa ikipoa unarudi jike. Hauhitaji chochote. Mngesubiri tu."

Nikamuuliza, "Hata msumari?"

"Hata msumari. Msumari unauumiza tu."

Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri. Miezi mitatu ya kusubiri ndiyo iliyotakiwa, na mimi niliyevaa leso yenye jina la subira sikuwa nayo.

Dereva alikaa Al-Sulay miaka miwili zaidi. Mchumba hakusubiri, na sina la kumlaumu. Nilipata namba ya dereva kwa mtu, nikampigia nilipokuwa nimekwisha kurudi. Mgongo wake umeharibika, hakai tena kwenye gari muda mrefu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga kama vyombo. Hakunipa nafasi. Aliuliza kwanza, "Shosh, ile papai ilizaa?"

Nikasema ilizaa.

"Basi msumari ilifanya kazi," akasema, akacheka, akakohoa, na mimi nikamwachia hivyo hivyo. Sikumwambia habari ya joto. Wala sikuitaja siku ile ya shoka. Mara ya pili nimenyamaza mbele ya mtu mmoja, na sababu ya mara ya pili siijui.

Basi haya nimeyaandika jinsi nilivyoyashika. Nimekuwa mzee, na kumbukumbu ya mzee hujipendelea. Kuna wakati, alfajiri, naona wazi kabisa kwamba baada ya shoka kushushwa nilifungua mdomo nikaanza kusema, "Hajja, ule msumari," na honi ikanikatiza. Kuna wakati mwingine najua sikuufungua. Wewe uliyekuwa na begi, ulikuwa karibu yangu kuliko wote, na wewe pekee ndiye ungenielewa. Kama nilianza kusema na ukasikia, nisahihishe. Kama sikuanza, nisahihishe pia, usinionee huruma. Namba yangu ni ile ile.